Msumeno wa Injini wa Bei Nafuu katika Misitu ya Mau: Unavyoharibika na Unakotengenezewa

Msumeno ninaoutathmini hapa ni ule wa injini ya sentimita 58 za ujazo, wenye bapa (ule ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo) la inchi 20, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kilimo kuanzia Nakuru hadi Kisumu kwa majina na rangi mbalimbali. Shehena hii huwa ya rangi ya chungwa, ijayo ikawa nyekundu, na jina lililobandikwa ubavuni hubadilika pia, lakini ukifungua vifuniko utakuta mashine ile ile, na vipuri vya mmoja huingia katika mwingine bila ubishi. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kutaja chapa. Anayeingia dukani ataujua kwa kuuona. Wangu niliununua Nakuru mjini kwa shilingi 14,500, na tangu hapo umefanya kazi Elburgon, Molo na kandokando ya Mau Summit, kwenye misaiprasi na misonobari, na katika mashamba ya watu kwenye mikaratusi na miwati.

Tathmini nyingi za misumeno hupima kasi ya kukata gogo na uzito wa mashine mkononi. Vipimo hivyo havimfai sana mtu ambaye bodaboda humwacha kando ya barabara ya murram na safari iliyobaki ni ya miguu, akiwa na msumeno begani, mtungi wa petroli mkononi na panga kiunoni. Msumeno wowote, uwe wa laki moja au wa elfu kumi, ipo siku utagoma msituni. Linalopaswa kuulizwa ni kifaa gani ndani yake kitakachokufa kwanza, na je, kinaweza kutengenezwa juu ya kisiki kwa spana, bisibisi na kipande cha waya, au kitawalazimu watu wote kushuka na kupoteza ujira wa siku. Kwa kipimo hicho msumeno huu una sifa ambazo sikuzitarajia, na una kasoro mbili ambazo sizisamehi.

Nimeona mashine hizi zikiongezeka sana huku kwetu katika miaka ya karibuni, na sababu haiko mbali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, wakataji wengi waliuza misumeno yao mizuri ili walipe karo na madeni. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku hiyo imeondolewa, na ingawa suala hilo lilifika mahakamani baadaye, watu walianza kutafuta zana upya. Aliyekuwa ameuza msumeno wa kazi hakuwa na fedha za kununua mwingine wa aina ile, akaangukia huu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na injini, bapa, mnyororo mmoja, ala ya plastiki, chupa ya kuchanganyia mafuta, spana moja yenye upande wa milimita 13 na upande wa milimita 19, bisibisi ndogo na tupa ya mviringo. Hamkuwa na miwani wala kinga ya masikio. Kijitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha isiyoeleweka na michoro yake ni ya mashine nyingine. Mnyororo uliokuja nao ni wa chuma laini, na magogo machache ya mkaratusi yaliyoburutwa kwenye udongo yalitosha kuyatoa meno yake makali yote. Niliuondoa, nikaweka wa chapa ya Oregon, wenye nafasi ya inchi 0.325 kati ya viungo vyake, nikaendelea kuunoa kwa tupa ya milimita 4.8 kwa pembe ya nyuzi 30. Anayekwenda kununua mnyororo wa pili asitaje urefu wa bapa peke yake. Ahesabu vile vipande vinavyoingia kwenye mfereji wa bapa, ambavyo kwa msumeno huu ni 76, kwa kuwa maduka mengi huuza kwa kukisia.

Katika kukata kwenyewe, mashine hii inafanya vizuri kuliko bei yake. Shina la msaiprasi la kipenyo cha sentimita 30 hulipita bila kusuasua mradi meno yamenolewa, na kwa kazi ya kupunguza matawi uzito wake unavumilika hadi adhuhuri. Kwenye mkaratusi uliokomaa mambo hubadilika, maana mti huo ni mzito na una mvutano mkubwa ndani ya nyuzi zake, na bapa zima likizama ndani ya shina injini huanza kulalamika. Stihl MS 382, ambayo wapasuaji wengi wa huku huiheshimu, ina injini ya sentimita 72 za ujazo, na tofauti hiyo huihisi mikononi katika gogo la kwanza. Kuhusu kupasua mbao kwa urefu wa gogo, kazi ambayo wengi wetu huifanya palepale mti ulipoangukia, simshauri mtu yeyote kuitumia mashine hii. Kazi hiyo huiweka injini kwenye kasi ya juu kwa dakika nyingi mfululizo, na msumeno wa bei hii hauhimili joto hilo.

Jambo ambalo kijitabu hakilitaji, wala muuzaji hakulitaja, ni mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini takriban mita 1,850, Molo karibu mita 2,500, na Timboroa zaidi ya mita 2,700. Shinikizo la hewa la Molo ni pungufu ya lile la Kisumu kwa takriban asilimia 15, na injini inayovuta hewa nyepesi huku kabureta ikiendelea kuipa petroli kwa kipimo cha tambarare hupata petroli iliyozidi. Dalili zake ni moshi mwingi, plagi nyeusi yenye unyevu, msumeno kuzimika kila unapoachilia kichapuzi (kile kishikizo cha kuongeza kasi), na nguvu kupotea ndani ya gogo. Nimewaona watu wakiurudisha dukani msumeno mpya kabisa kwa dalili hizo, na fundi wa duka, ambaye yuko Nakuru mita mia kadhaa chini yao, akauwasha ukawaka vizuri, akawarudishia kwa kicheko.

Dawa yake ni ile bisibisi ndogo ya sandukuni. Kabureta ina skrubu tatu zilizoandikwa H, L na T: ya kwanza ni ya mwendo wa kasi, ya pili ya mwendo wa chini, na ya tatu huizuia injini isizimike wakati haina kazi. Ukifika msituni, acha injini ipate moto kwanza, kisha funga H kidogo sana kila mara na usikilize. Ukiiendesha kwa kasi bila kukata kitu, sauti inapaswa kubaki na mkwaruzo wa kusitasita, na mkwaruzo huo utoweke pale tu meno yanapoingia kwenye mti. Sauti ikiwa nyororo na kali hata bila mzigo, umefunga kupita kiasi na unapaswa kurudi nyuma mara moja.

Hatari iko katika safari ya kuteremka. Oili inayolainisha pistoni husafiri ndani ya petroli, kwa hiyo kuipunguza petroli ni kuipunguza oili pia. Msumeno uliofungwa H kwa ajili ya hewa ya Molo, kisha ukateremshwa hadi tambarare za Kisumu kwenda kukata mikaratusi bila kurekebishwa, hupata hewa nyingi na mafuta kidogo. Jirani yangu alifanya hivyo kwa msumeno wa aina hii hii, na pistoni ikashikana na silinda kabla ya chai ya saa nne. Misumeno ya bei ya juu yenye mfumo wa kujirekebisha, kama ule wa M-Tronic wa Stihl na AutoTune wa Husqvarna, humwondolea mtumiaji adha hiyo, ingawa mfumo wenyewe ukileta shida hakuna bisibisi itakayousaidia msituni.

Sasa nije kwenye kasoro ya kwanza nisiyoisamehe, nayo ni pampu ya oili ya mnyororo. Nilikuwa nikikatakata msonobari ulioangushwa na upepo nje kidogo ya Elburgon, moshi mwembamba wa kibluu ukaanza kutoka kwenye ncha ya bapa, ukiwa na harufu ya chuma kilichochomeka badala ya ile ya utomvu. Mnyororo ulikuwa umekaza hadi hausukumiki kwa kidole. Kipimo cha jambo hili ni rahisi: elekeza ncha ya bapa karibu na sehemu nyeupe ya kisiki kilichokatwa punde na uvute kichapuzi, pampu ikiwa hai, mstari mwembamba wa oili utajichora juu ya kisiki. Juu ya kisiki changu halikuanguka hata tone moja, na tangi lilikuwa bado limejaa. Hilo nalo ni dalili inayotosha, kwa kuwa katika msumeno mzima tangi la oili na tangi la petroli huisha karibu wakati mmoja.

Pampu hiyo huendeshwa na gia ndogo iliyojificha nyuma ya klachi, na kuifikia kunataka utaratibu. Plagi hutolewa, pistoni hupandishwa hadi ipite tundu la moshi, kisha kipande cha kamba safi huingizwa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, ili injini inapozungushwa pistoni iibane kamba hiyo juu na kukataa kwenda zaidi. Hapo ndipo klachi hufunguliwa, na hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea kulia, kinyume cha nati za kawaida. Asiyelijua hilo huongeza nguvu upande usiofaa mpaka kitu kivunjike. Nilipoitoa nilikuta gia nyeupe ya plastiki ambayo meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja, yakabaki laini kabisa. Gia ya chuma ya umbo lile lile inauzwa Molo kwa shilingi 350. Mtengenezaji anayeuza mashine kwa maelfu ya shilingi, akabana matumizi kwenye kipuri cha mia chache ambacho kikifa huunguza bapa, mnyororo na klachi kwa pamoja, amefanya hesabu ambayo hasara yake hubebwa na mkataji.

Wako watakaosema kwamba gia hufa kwa sababu ya oili chafu, na wana sehemu ya ukweli. Desturi ya kumwaga oili iliyotolewa kwenye injini za matatu ndani ya tangi la mnyororo imeenea kotekote, kwa kuwa haigharimu kitu. Oili hiyo imejaa chembe za chuma zinazosaga pampu, hurukia mikono na uso siku nzima, na si kitu cha kuzoesha ngozi. Wangu ulitumia oili mpya tangu siku ya kwanza, na gia ikafa vilevile.

Kamba ya kuwashia ilikatika mapema, kama zinavyokatika nyingi, na si jambo la kulalamikia. Kifuniko chake kina skrubu nne tu, na mtu mwenye kamba ya akiba mfukoni atakuwa ameshamaliza wenzake wakiwa bado wanakunywa uji. Linaloudhi zaidi ni vile vikucha vya plastiki vinavyonasa gurudumu la injini wakati wa kuvuta: asubuhi za baridi kali za Mau, ambapo injini hukataa kuwaka kwa mvuto wa kwanza, huvunjika vipande. Nimemwona kijana mmoja, baada ya vikucha kuvunjika, akifungua kifuniko chote na kuzungushia kamba moja kwa moja kwenye gurudumu ili aendelee na kazi. Kamba ikinasa hapo huuvuta mkono kuelekea kwenye mapezi yanayozunguka kwa kasi, na mzee aliyekuwa akisimamia kazi alifanya vyema kumwamuru azime na arudi nyumbani.

Tatizo jingine linawadanganya hata mafundi. Msumeno huwaka vizuri, hukata kwa dakika kumi hivi, kisha huzimika polepole kana kwamba petroli imeisha, na ukiachwa kidogo huwaka tena. Watu hubadilisha plagi, kisha koili, kisha kabureta nzima. Kabla ya kutumia fedha hizo, legeza kifuniko cha tangi la petroli mara tu unapozimika. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio wa kufyonza, kosa liko kwenye kitundu cha kupumulia cha tangi, ambacho kimezibwa na vumbi la mbao lililochanganyika na oili. Kitundu hicho husafishwa kwa waya mwembamba au kwa kupuliziwa. Kwenye msumeno huu kimewekwa mahali ambapo vumbi hukusanyika, kwa hiyo tatizo litarudi na dawa yake itakuwa ile ile.

Nati mbili zinazoshika kifuniko cha bapa zinastahili aya yake, maana zimepoteza saa nyingi za kazi kuliko pampu na kamba kwa pamoja. Katika baadhi ya misumeno ya bei ya juu nati hizo zimefungiwa kwenye kifuniko zisitoke kabisa. Kwenye huu ziko huru, ni ndogo, zina rangi ya udongo mara zinapopata kutu, na kila mnyororo unapohitaji kubadilishwa zinabidi zitoke. Msitu wa misonobari una tandiko nene la sindano zilizokauka, na nati ikiteleza kutoka kwenye vidole vyenye oili huzama humo na haionekani tena. Nati za aina hiyo, za milimita 8, zinapatikana kila duka la vifaa kwa bei ya peremende, na hakuna udhuru wa kwenda msituni bila za akiba. Skrubu za bomba la moshi nazo hulegea kwa mtikisiko, na hizo ni za kuchunga zaidi kati ya Januari na Machi, wakati sindano zile zimekauka na cheche moja inatosha. Nilizipaka gundi ya kushikilia skrubu, zikatulia.

Bapa kubanwa ndani ya mti si kosa la mashine, lakini muundo wa mashine huamua utatokaje. Mkaratusi huweza kuonekana umeinamia upande mmoja, kisha upepo wa alasiri ukausukuma nyuma, na shina likakaa juu ya bapa kwa uzito wake wote. Anayevuta kwa hasira hulipinda bapa. Njia salama ni kuzima injini, kufungua zile nati mbili, kuutoa mwili wa msumeno na kuliacha bapa na mnyororo ndani ya mti, kisha kufungua njia kwa kabari au kwa bapa la pili kutoka upande unaofaa. Hapa msumeno huu unapata alama nzuri, kwa kuwa mwili wake huachana na bapa kwa urahisi na bapa la pili halimfilisi mtu. Kabari ziwe za plastiki au za mti mgumu. Sisi huchonga za mwati uliokauka. Kabari ya chuma ikigusana na mnyororo unaozunguka, meno ya upande mzima huishia hapo.

Kuhusu mafuta, injini za aina hii huchanganywa petroli na oili ya mipigo miwili. Lita 5 za petroli huchukua mililita 100 za oili bora ya kipimo cha 50 kwa 1, au mililita 200 ikiwa oili ni ya kawaida na kipimo ni 25 kwa 1. Chupa iliyokuja na msumeno ina mistari iliyofifia ambayo haisomeki baada ya kuguswa na petroli mara chache, kwa hiyo ni afadhali kutumia bomba la sindano la daktari wa mifugo, ambalo halidanganyi. Petroli ya chupa za soda zinazopangwa kando ya barabara sishauri itumike hata wakati wa dharura, kwa kuwa ikichanganywa na mafuta ya taa huchoma vibaya na kuipasha injini joto, na msumeno wa mipigo miwili hauna kinga yoyote dhidi ya hilo.

Kasoro ya pili nisiyoisamehe inahusu mwili wa mtu. Springi za klachi zilichoka mapema, na matokeo yake ni kwamba mnyororo uliendelea kuzunguka hata kichapuzi kilipoachiliwa. Msumeno wa namna hiyo haupaswi kubebwa kutoka mti mmoja hadi mwingine ukiwa unawaka, na kwenye mteremko wenye mizizi iliyofunikwa na majani sijui mkataji ambaye hajateleza. Breki ya mnyororo, ile inayofungwa na kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ilifanya kazi vizuri ilipokuwa mpya, kisha vumbi na oili vikaganda kwenye ukanda wake ikawa inafunga kwa kuchelewa. Ncha ya juu ya bapa inapogusa tawi, msumeno huruka kuelekea usoni kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiwahi, na breki inayochelewa hapo ni sawa na kutokuwepo. Kuisafisha na kuijaribu kila asubuhi kabla ya mti wa kwanza si hiari kwa mtumiaji wa mashine hii. Springi za klachi za akiba, ambazo ni za bei ndogo, nazo ziwe kwenye mfuko mmoja na zile nati.

Huduma baada ya kununua ni duni. Risiti yangu iliandikwa dhamana ya miezi sita, na gia ya pampu ilipokufa ndani ya muda huo nilirudi dukani nikiwa nayo kwenye bahasha. Kijana wa kaunta aliitazama, akasema kwa adabu, “Pole mzee, vitu vinavyochakaa havimo kwenye dhamana.” Nilipomwomba anitajie sehemu ambayo haichakai, alicheka akaniitia meneja, naye akarudia maneno yale yale bila kicheko. Nilichopata dukani mwishowe ni ushauri wa kununua kabureta mpya, ambayo haikuhusiana na tatizo langu.

Huduma ya kweli niliipata kwa mafundi wa kando ya barabara, Elburgon na Molo, ambao hutengeneza misumeno juu ya meza za mbao nje ya vibanda. Wana vipuri vya mashine hii kwa wingi kwa sababu hununua iliyokufa na kuichinja: kifuniko cha kamba hapa, tangi pale, kabureta iliyooshwa na kujaribiwa. Hapo ndipo sifa kubwa ya msumeno huu ilipo. Msumeno wangu mwingine, wa chapa inayoheshimika na bei mara kadhaa ya huu, hauharibiki ovyo, lakini koili yake ilipokufa ulilala stoo hadi kipuri kilipofika kutoka Nairobi, na kipuri hicho peke yake kilikaribia nusu ya bei ya msumeno mzima wa bei nafuu. Katika siku zile zote za kungoja, aliyeingiza mkate ni huu.

Kwa hiyo, kwa mkulima wa Vihiga au Kakamega mwenye shamba dogo la mikaratusi nyuma ya nyumba, au wa Njoro anayepunguza migrevilea ya mpakani na kupasua kuni, nampendekezea msumeno huu, mradi anunue na mnyororo bora siku hiyo hiyo. Kwa mwenye kibali cha kuvuna katika msitu wa umma, mwenye vibarua wa kulipa kila jioni, uwe wa pili baada ya msumeno wa kazi, wa matawi na wa dharura. Kwa mtu anayeanza kazi hii bila mwenzake mzoefu, naona usimfikie kabisa, kwa sababu ya klachi na breki nilizozieleza.

Atakayeununua asilipe kabla kifuniko cha bapa hakijafunguliwa mbele yake, injini haijawashwa, na mnyororo haujaonekana ukisimama kichapuzi kinapoachiliwa. Aulize gia ya pampu ni ya plastiki au ya chuma, na ikiwa ni ya plastiki adai ibadilishwe ndani ya bei ile ile. Duka nililonunulia lilikataa hata kulizungumzia jambo hilo. Duka jingine la mji uo huo, ambalo nilimwelekeza jirani yangu baada ya msumeno wake kushikana Kisumu, lilimwekea gia ya chuma papo hapo na kumwongezea plagi moja na nati nne bila malipo.